KUINUA PIKAPU: FAIDA NA HASARA ZAKE

Bila shaka umewahi kusimama kando ya njia hapa Myanga wakati wa mvua ya Aprili ukaona pikapu imelala katikati ya barabara kama ng'ombe aliyekataa kuamka. Magurudumu yanazunguka, matope yanaruka, lakini gari haliendi popote. Ukiinama utaiona sababu. Si kwamba injini imekosa nguvu, bali tumbo la gari limekalia tuta la udongo lililoachwa katikati na matrekta ya miwa. Nasi wanafunzi huitwa tusukume, tukafika darasani tumepakwa matope hadi kwenye nyusi.

Kwa sababu hiyo wenye pikapu wengi huku kwetu, kuanzia Bumula hadi Kapsokwony na Kitale, hupenda kuziinua. Katika makala haya nitaeleza kuinua pikapu ni nini, hufanywaje, na mtu akishainua ataishi vipi na hiyo gari. Sisemi kwa kusikia tu. Mjomba wangu ana pikapu ya kuteremsha viazi na kabeji kutoka Mlima Elgon hadi soko la Chwele, na yeye ndiye hunilipia karo. Pikapu hiyo aliiinua mara mbili katika mwaka mmoja. Mara ya kwanza nusura tumzike. Mara ya pili ndiyo anayotembea nayo hadi leo.

Kwanza tuelewe gari limekalia nini. Nyuma ya pikapu nyingi kuna springi za vipande vya chuma vilivyopindwa kama upinde na kupangwa kimoja juu ya kingine. Mafundi wetu huviita lifu. Springi hizo hufungwa kwenye ekseli kwa yuboliti. Mbele ni tofauti. Pikapu za zamani kama Isuzu TFR zina fito ya chuma ambayo husokotwa gurudumu linapopanda. Hilux zilizoanza kuundwa mwaka wa 2004 na D-Max za kizazi cha pili, zilizotoka mwaka wa 2011, zina springi za mviringo mfano wa ile iliyo ndani ya kalamu ya kubonyeza, ila hizi ni nene kama kidole gumba. Pamoja na springi kuna shokabsoba, kwa kifupi shoki. Watu wengi hudhani shoki ndizo hubeba gari. La hasha! Uzito hubebwa na springi. Kazi ya shoki ni kuzuia gari lisirukeruke kama mpira baada ya kupita shimo.

Sasa, kuna njia nne za kuinua. Ya kwanza ni kuweka kipande cha chuma kati ya ekseli na springi, kisha kufunga yuboliti ndefu zaidi. Hii ni rahisi na humalizika kwa siku moja. Ya pili ni kuongeza lifu, mara nyingi lifu kuukuu zilizotolewa kwenye lori. Ya tatu, kwa upande wa mbele, ni kukaza ile fito iliyosokotwa kwa boliti yake mpaka pua ya gari ipande. Ya nne ni kununua springi zilizopindwa zaidi tangu kiwandani, pamoja na shoki ndefu zinazolingana nazo. Hii ya mwisho ndiyo ghali, na ndiyo wengi huikimbia. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi.

Kabla sijaendelea, kuna jambo ambalo wengi hawalijui hata kama wana gari miaka kumi. Ukiinua springi, kinachopanda ni chasi, bodi na injini. Ekseli ya nyuma pamoja na lile bonge la difu haviondoki mahali pake hata kidogo, kwa sababu vimeshikana na magurudumu. Kwa hivyo kama gari lako hukwama kwa difu, hata uliinue futi nzima difu litazidi kulima matope. Njia ya kupandisha difu ni kuweka tairi kubwa zaidi. Nayo tairi yenye kipenyo kilichozidi kwa inchi 2 hupandisha difu inchi 1 tu, maana nusu ya ongezeko iko juu ya ekseli na nusu iko chini. Tena ukibadilisha tairi ya inchi 27 ukaweka ya inchi 29, mshale wa mwendo utakudanganya: utakuonyesha kilomita 80 kwa saa na kumbe unakwenda karibu 86.

Basi tuje kwa hasara. Sisi wa kidato cha tatu tulisoma katika Fizikia ya kidato cha pili kwamba kitu huwa imara kikiwa na msingi mpana na kitovu cha uzito kilicho chini. Pikapu ikiinuliwa kitovu chake hupanda, lakini nafasi kati ya gurudumu la kushoto na la kulia hubaki ile ile. Sasa jaza kabeji mpaka zipite kabini, halafu uiingize kwenye kona. Chukua kiberiti ukilaze juu ya rula, uiinue rula upande mmoja polepole. Kiberiti kitateleza tu. Kisha kisimamishe wima ufanye vivyo hivyo uone kama hakitaanguka.

Hasara ya pili ni ya breki, na hii ndiyo inayoogopesha kwa sababu haionekani. Katika pikapu nyingi kuna valvu iliyofungwa kwenye chasi na kuunganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo ndogo. Gari likiwa tupu, chasi iko mbali na ekseli, na valvu hupunguza nguvu ya breki za nyuma ili magurudumu yasijifunge na kuteleza. Gari likijaa mzigo chasi hushuka, fimbo husukumwa, na breki za nyuma hupewa nguvu zaidi. Je, ukiweka kipande cha chuma cha inchi 3 itakuwaje? Chasi inakaa mbali na ekseli hata gari likiwa limejaa. Ile valvu haina macho. Inadhani gari ni tupu!

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mjomba. Fundi wa kwanza alimwekea vipande vya inchi 3 nyuma, akakaza fito za mbele mpaka mwisho, akaosha mikono yake kwa petroli akasema, "Mzee, sasa hata mto utavuka." Hakugusa valvu. Hakubadilisha shoki. Kwa wiki tatu mjomba alitamba kweli kweli, akawa anapita mahali wenzake wamekwama. Kisha siku moja ya Mei akiteremka kutoka mlimani na kabeji tele, ng'ombe alikatiza njia. Alikanyaga breki. Pua ya gari ikainama, nyuma ikapepesuka, magurudumu ya upande mmoja yakaacha ardhi. Pikapu ilienda kuegemea mkaratusi kando ya mtaro. Kama si mti ule ningekuwa naandika mambo mengine. Binamu yangu, ambaye ndiye utingo, alikuwa ameketi juu ya mzigo. Alirushwa akavunjika mkono. Kabeji zililiwa na mbuzi na wapita njia. Pesa za karo yangu ya muhula wa pili zikaenda hospitalini na gereji, nami nikakaa nyumbani wiki mbili nikichunga ndama.

Fundi wa pili, mzee mmoja asiye na maneno mengi, aliitazama gari kwa chini akatikisa kichwa. Alimwonyesha mjomba kwamba tairi za mbele zimeanza kulika upande mmoja kwa sababu fito ikikazwa sana magurudumu hubadilisha mlalo. Alimwonyesha pia kwamba kile kipande cha chuma huipa ekseli nguvu ya kuizungusha springi kila gari linaposhika breki, mpaka lifu zikaanza kujikunja kama herufi S. Mimi nilikuwepo nikimshikia tochi, kwa hiyo nitaeleza alivyofanya.

Aliegesha gari mahali tambarare, akaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Alipima urefu kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, pande zote nne, akaandika. Aliinua gari kwa jeki kisha akaweka stendi za chuma chini ya chasi. Alisema jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Alizitoa springi za zamani na vile vipande vya chuma, akafunga springi mpya zilizopindwa zaidi, za kupandisha inchi 2 na si zaidi. Akafunga shoki ndefu, kwa sababu shoki fupi hunyooka mpaka mwisho gari likiruka, nayo ikakatika. Akarefusha mpira wa breki uliokuwa umekazika kama uzi wa gitaa. Akairekebisha ile fimbo ya valvu kwa kipimo kile kile gari lilichopanda. Akatazama propela kama haijapinda mno kwenye maungio yake. Fito za mbele alizilegeza kidogo. Mwisho, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, ndipo akakaza boliti za bushi, kisha akamtuma mjomba mjini Bungoma akapangiwe magurudumu. Taa za mbele nazo aliziinamisha, maana gari likiinuka taa huwapiga macho wanaokuja.

Kuishi na gari kama hilo kuna masharti yake. Yuboliti hukazwa tena baada ya kilomita 500 hivi, kwa sababu springi mpya hujipanga. Bushi na mipira ya shafti hutazamwa kila mwezi. Mzigo haupiti urefu wa kabini tena, na utingo haketi juu yake. Mjomba huingia kona polepole kuliko zamani. Gari likiwa tupu hurusha kidogo. Magunia nayo hupakiwa kwa jasho zaidi, kwani mahali pa kuyapandisha pamekwenda juu. Hata nyanya yetu sasa hawezi kupanda bila kigoda, na kila Jumapili hulalamika kwamba mjomba amenunua ghorofa. Lakini kule matopeni hakwami ovyo, na hilo ndilo alilolitaka.

Jambo jingine ambalo huwapoteza watu ni fikira kwamba gari lililoinuliwa linaweza kubeba mizigo zaidi. Sivyo. Chasi, ekseli, tairi na breki ni vile vile, na uzito ulioruhusiwa na kiwanda haubadiliki. Vilevile gari la biashara hukaguliwa kila mwaka chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, yaani NTSA, na ni busara kampuni ya bima ijulishwe kabla ya ajali, si baada yake.

Wengine watasema, mbona magari ya Safari Rally huinuliwa na yanakimbia kama swara? Ni kweli. Mashindano hayo yalianza mwaka wa 1953, na wazee wetu wanakumbuka Peugeot 504 iliyoshinda mwaka wa 1975 na tena 1978. Tangu mwaka wa 2021 yamerudi katika mashindano ya dunia, huko Naivasha. Lakini magari yale hubadilishwa springi, shoki na breki kwa pamoja, hufungwa bamba la chuma chini ya tumbo, na mafundi huyakagua kila siku. Tena hayabebi kabeji! Ukiona vyaelea, jua vimeundwa.

Kwa kumalizia, sisemi watu wasiinue pikapu zao. Barabara zetu tunazijua. Ninachosema ni kwamba kila inchi unayoongeza chini ya gari umeikopa mahali: kwenye kona, kwenye breki, au kwenye tairi. Anayelipa deni hilo kwa springi na shoki zinazofaa ataendesha kwa amani. Asiyelipa, deni litadaiwa siku ambayo hakuitarajia, na huenda likalipwa na utingo aliyeketi juu ya kabeji. Kwa hivyo, mwenzangu, kama nyumbani kwenu kuna pikapu na mzee anataka kuiinua, mwulize swali moja tu: "Je, ile valvu ya breki itarekebishwa?" Fundi akikwambia haina maana, tafuteni fundi mwingine.