Blues ya vipimo 12: kodi tatu zinazofungua nyimbo nyingi

Mwenzetu mmoja hapa studioni alikaa miezi mitatu akijifunza solo ya wimbo mmoja wa roki. Akaimudu yote. Siku alipoalikwa kupiga na wenzake, mpiga ngoma alipoanza tu, akapotea. Hakujua wimbo umefika wapi wala lini abadilishe kodi. Akaweka gitaa chini, akawa mtazamaji.

Wasikilizaji wengi wanaotuuliza kuhusu gitaa wanaanza vivyo hivyo, na wengi huishia kulitundika ukutani. Leo tunaeleza njia nyingine: kujifunza kwanza mfumo ambao nyimbo nyingi za blues na roki ya zamani zimejengwa juu yake.

Mfumo huo una vipimo 12. Kipimo kimoja ni hesabu ya moja hadi nne. Kodi ni tatu tu, na hapa hatusemi kodi ya nyumba wala ya mapato, bali sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Ukianzia A, mpangilio ni huu:

Vipimo 1 hadi 4: A
Vipimo 5 na 6: D
Vipimo 7 na 8: A
Kipimo cha 9: E
Kipimo cha 10: D
Vipimo 11 na 12: A

Kisha mnarudi mwanzo. Wengi hugusa E kwenye kipimo cha 12 ili kuashiria kwamba duru inaanza upya. Anayejifunza atumie A7, D7 na E7. Ndizo zenye ladha ya blues, na A7 na E7 hushikwa kwa vidole viwili tu.

Utajuaje umefika wapi? Sikiliza maneno. Katika blues nyingi mwimbaji huimba mstari wa kwanza, huurudia, kisha huleta mstari wa tatu wa kuujibu. Kila mstari unachukua vipimo vinne. Sauti yake huishia kama katikati, na nafasi inayobaki gitaa humwitikia. Sisi tuliokulia kwenye nyimbo za kupokezana hatuoni ugeni hapo.

Mfano mzuri ni "Cross Road Blues", aliyoirekodi Robert Johnson mwaka 1936. Alikuwa peke yake na gitaa lake, kwa hiyo alirefusha au kufupisha vipimo alivyotaka. Mwaka 1968 kundi la Cream la Uingereza lilipiga wimbo huo jukwaani kwa jina la "Crossroads": Eric Clapton gitaa, Jack Bruce besi, Ginger Baker ngoma. Watu watatu hawawezi kila mmoja kufuata hesabu yake, hivyo walishika vipimo 12. Usikilize ukihesabu, wako kwenye A. Utagundua kwamba wanakwenda D mapema, kwenye kipimo cha pili, kisha wanarudi A. Mabadiliko madogo kama hayo utayakuta mara nyingi, lakini mfumo ni ule ule. Baada ya hapo sikiliza "Johnny B. Goode" ya Chuck Berry ya mwaka 1958, uone kama utazipata kodi zinapobadilika.

Kwa mazoezi, anza polepole, ukihesabu kwa sauti. Usisimamishe mkono wa kupiga hata kidole kikikosea uzi. Kodi iliyokosewa inapita, lakini hesabu ikikatika, wenzako wote wanakatika nawe. Ukizoea, jirekodi kwa simu ukipiga duru tano mfululizo, kisha piga solo yako juu ya rekodi hiyo.

Mwenzetu alirudi kwa wale wale baada ya wiki kadhaa. Safari hii hakupiga solo, alipiga rithimu tu, kodi tatu. Wimbo ulipokwisha, alimaliza pamoja nao.