Bustani ya Nyumbani na Mvua ya Kwanza

Tulipokuwa wanafunzi, vitabu vya Kifaransa vilitufundisha kwamba majira ya kuchipua huanza mwezi wa Machi: theluji yayeyuka, maua yafunua macho, ndege warudi. Tuliyakariri maneno hayo kwa sauti kubwa, huku mvua ya Machi ikipiga bati la darasa hata mwalimu asisikike, na mahindi ya nje yakikaribia kukomaa. Hakuna aliyetuambia kwamba Katanga nayo ina majira yake ya kuchipua.

Yatazameni, wasomaji wapenzi. Hapa Lubumbashi, mahali palipoinuka zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, usiku wa Julai una baridi ya kukunja vidole, na vumbi limekaa juu ya kila jani. Halafu, mwezi wa Septemba, kabla tone moja halijaanguka, miti ya porini yavaa majani mapya, mengine mekundu kama shaba. Mizizi yake imekwenda chini sana kutafuta maji, wala haingoji wingu. Mjini mijakaranda yamwaga maua ya zambarau barabarani, na watoto wayakanyaga wakienda shule. Hiyo ndiyo saa ya kuingia bustanini.

Mwenye lupango, hata kama nyuma ya nyumba yake pana hatua 10 tu za ardhi, asiseme kwamba hana shamba. Udongo wetu mwekundu ni mgumu, una asidi, tena chakula cha mimea ni kidogo. Walakini wazee waliujua msaada ulio karibu: kichuguu. Vichuguu vikubwa vya Katanga vyapita mita 5 kwa kimo, na udongo wake una chokaa na rutuba kuliko ule unaovizunguka. Debe chache za udongo huo, zikivunjwavunjwa na kuchanganywa na samadi iliyooza vizuri, zabadili tuta zima. Kazi hiyo yafaa ifanywe mwezi wa Septemba, asubuhi, kabla jua halijawa kali.

Hapo twaungama kosa letu. Mwaka mmoja, mvua ilinyesha kwa nguvu katikati ya Oktoba. Harufu ya udongo uliolowa ilituingia kichwani kama pombe. Siku ileile tulipanda mahindi yote tuliyoyanunua kwa mshahara wa mwezi, bila kubakiza hata kopo moja. Mama mmoja mzee, jirani yetu, alisimama penye ua akatutazama, kisha akasema kwa upole, “Mwalimu, mvua hii ni ya kupangusa vumbi tu.” Tulimjibu, “Ndiyo, Mama,” tukaendelea kufukia. Mahindi yaliota, yakapendeza siku chache, kisha jua likarudi kwa muda wa majuma matatu. Yote yakauka. Yule mama alipanda mwezi wa Novemba, baada ya mvua kunyesha mara kadhaa na udongo kulowa kupita urefu wa jembe. Mwezi wa Februari ndiye aliyetuletea mahindi mabichi ya kuchoma. Tulikula kwa aibu, lakini tulikula.

Tangu hapo, mvua ya kwanza twaitumia kwa lengalenga peke yake, kwa maana tuta dogo laweza kunyweshewa kwa kopo mvua ikikawia. Mbegu zake ni ndogo mno. Tukizichanganya na mchanga mkavu zaanguka sawasawa, wala hazirundikani mahali pamoja. Matembele twayapanda mvua ikishika, kwa vipande vya mashina vyenye urefu wa mkono toka kiganja hadi kiwiko. Sombe twaichuma kwa kiasi, kwani mhogo ukinyang’anywa majani kila siku hauwezi kunenepesha mizizi.

Kuna jambo jingine lisilofaa kupitiwa kimya. Shaba ilianza kuyeyushwa mjini hapa mwaka 1911, na kwa miaka mingi moshi wa tanuru ulisukumwa na upepo utokao kusini-mashariki, ukaangusha vumbi lake upande wa pili. Wataalamu waliopima udongo wa sehemu hizo wamekuta humo shaba, risasi na kadimi kupita kiasi, na sumu hizo huwadhuru watoto kuliko watu wazima. Kuosha mboga huondoa vumbi lililo juu ya majani. Hakuondoi kile ambacho mzizi umekwisha kunywa. Basi aliye jirani na tanuru au lundo la mabaki ya madini asijidanganye kwa beseni la maji. Ajenge matuta ya juu kwa udongo ulioletwa kutoka mahali safi, autie mboji na chokaa. Na pale panapojulikana kuwa pameharibika kabisa, apande maua tu, mboga atafute kwingine.

Mwaka huu tulipanda lengalenga la kwanza mwishoni mwa Oktoba. Kila jioni, vitabu vya wanafunzi vikiisha kusahihishwa, twatoka na kiti cha miguu mitatu tukaketi chini ya mwembe, ambao maembe yake bado ni magumu kama mawe. Mtoto wetu mdogo ahesabu miche, akosea, aanza tena. Mama yake amkataza kuing’oa ili aone kama imekua. Juma la nne halijatimia, alikata fungu la kwanza, akalipika kwa mafuta, kitunguu na nyanya, akalitia mezani pamoja na bukari ya moto. Yule mama jirani tulimpelekea bakuli lake kabla sisi wenyewe hatujanawa mikono. Aliinua kifuniko, akanusa, akauliza kama mahindi tumekwisha panda. Tukamwambia, “Bado, Mama.”