Umenunua Nyumba, Hukununua Vilivyomo

Hati miliki imetoka kwa jina lako na funguo unazo. Unafungua stoo ya nyuma, unakuta cherehani, masanduku mawili ya nguo na bahasha ya vyeti vya shule. Aliyekuuzia amekwisha kuhama. Wengi hapo huita mkokoteni na kuuza kila kitu. Kufanya hivyo ni kujitafutia kesi.

Kwa sheria ya Kenya, anayenunua ardhi hupata pia kilichoshikamana nayo: jengo, geti, mabomba, kabati zilizojengewa ukutani. Kinachobebeka hubaki cha mwenyewe hadi akuuzie, akupe, au ionekane wazi kwamba amekitupa. Kunyamaza kwake si zawadi. Ukiiuza cherehani, anaweza kukudai thamani yake mahakamani. Ukomo wa madai ya aina hiyo ni miaka 3. Hata shtaka la wizi linawezekana. Kifungu cha 268 cha Kanuni ya Adhabu humlinda aliyeokota kitu kilichopotea pale tu asipomjua mwenyewe na akawa na sababu za kuamini kwamba hawezi kupatikana. Wewe jina lake unalo kwenye mkataba.

Hata hivyo, sheria haikulazimishi kuwa mlinzi wa bure milele. Mzigo ulioachiwa bila kuuomba unakudai mambo machache: usiuharibu, usiufuje, na umpe mwenyewe nafasi ya kuuchukua. Kwa hiyo piga picha na uorodheshe kila kitu mbele ya shahidi. Mwandikie muuzaji, pamoja na wakili wake, ukitaja vitu, mahali vilipo na tarehe ya mwisho ya kuvichukua. Siku 30 ni muda wa haki kwa vitu vya kawaida. Chakula kilichooza kitupe mara moja. Muda ukipita bila jibu, pata ushauri wa wakili kabla ya kuuza. Ukiuza, uza kwa bei ya haki, weka risiti, na mtunzie fedha zake.

Mambo mawili yanahitaji uangalifu zaidi. Ukikuta bunduki au risasi, usiziguse, ita polisi. Na ikiwa mwenye vitu amefariki, usimgawie jirani wala ndugu anayebisha hodi. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinakataza kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya sheria, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000, kifungo kisichozidi mwaka 1, au vyote viwili. Subiri msimamizi wa mirathi aliyeidhinishwa na mahakama.

Kinga bora huwekwa kabla ya kulipa. Mwambie wakili wako aandike kwenye mkataba wa mauziano kwamba nyumba itakabidhiwa ikiwa tupu, na kwamba kitakachobaki baada ya siku fulani kitakuwa chako. Kisha ikague nyumba, stoo na dari pia, kabla ya kumaliza salio. Usilipe shilingi ya mwisho kabla hujaiona nyumba tupu kwa macho yako.