Ukimya Uliomtisha Mama

Kwa miaka mingi tuliamini kwamba Baba akikoroma, amelala vizuri. Watoto tulicheka. Mama peke yake hakucheka, kwani yeye ndiye aliyeusikia ule ukimya: mkoromo ulikatika ghafla, Mama akahesabu huku akiomba dua, kisha Baba akashtuka kwa kishindo kama mtu aliyeibuka majini.

Asubuhi aliamka na kichwa kizito, na shinikizo lake la damu halikushuka licha ya vidonge. Msikitini alisinzia baina ya adhana na iqama, ikambidi atawadhe upya. Yote hayo tuliyaita uzee, mpaka siku tuliyokuwa tukirudi kutoka harusini Bagamoyo, gari likaacha lami naye ameshika usukani, macho yamefumba. Alhamdulillah, tulitoka salama.

Kipimo cha usiku mmoja kilionesha kwamba pumzi zake hukatika au kufifia mara 38 kwa saa. Daktari alitueleza kuwa mara 30 na zaidi huhesabiwa hali kali. Misuli ya koo hulegea usingizini, njia ya hewa huziba, na ubongo humgutusha mtu ili avute pumzi, bila mwenyewe kukumbuka lolote asubuhi. Tiba aliyoandikiwa ni mashine ya kusukuma hewa, ambayo Dk. Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, waliitangaza mwaka 1981. Mashine hii haimpumulii mtu; hupeleka hewa kwa msukumo mdogo kupitia barakoa, koo likabaki wazi. Wala haiondoi maradhi moja kwa moja: usiku usioivaa, yanarudi.

Hapo ndipo ulipokuwa mtihani. “Mnataka wajukuu wanione nimefungwa mipira kama mahututi?” alituuliza. Wiki ya kwanza aliivua kila usiku kabla ya saa saba. Nasi tulichangia kosa: hewa ilipovuja tulikaza mikanda, pua ikachubuka na hewa ikazidi kumpuliza machoni. Kumbe mikanda hurekebishwa mtu akiwa amelala na mashine inafanya kazi, tena bila kukazwa sana. Isitoshe, barakoa kubwa ya pua na mdomo haikukaa juu ya ndevu zake, na hakuna miongoni mwetu aliyethubutu kumtajia wembe! Tulirudi hospitali, akapewa aina ndogo inayokaa kwenye tundu za pua tu, na msukumo ukapangwa uanze chini upande polepole. Mama akamzoeza: baada ya Isha aliivaa ameketi, macho wazi, akisikiliza Qur'ani redioni.

Barakoa tunaiosha kila asubuhi kwa sabuni isiyo kali. Chujio tunalikagua kila wiki kwa sababu ya vumbi letu hili, na maji ya kitangi humwagwa kila siku. Maji ya betri ya gari yasitumike kamwe. Umeme ukikatika, Baba huvua barakoa na kulalia ubavu wa kulia, kama tulivyofundishwa katika Sunna. Kulala ubavu huwapunguzia wengi tatizo hili, ingawa hakuchukui nafasi ya mashine.

Ramadhani ilituletea swali jingine. Usingizi wa baada ya daku na ule wa kailula nao huhitaji barakoa; je, saumu? Sheikh wa msikiti wetu alitujibu kuwa hewa tupu ni kama hewa ayivutayo kila mtu, ila kwa tahadhari kitangi kiachwe bila maji mchana. Daktari hakuona tatizo. Kila familia iwaulize wa kwao.

Baba sasa husubiri iqama macho yakiwa wazi, ingawa usukani bado hatujamrudishia. Mama naye bado huamka usiku, kwa mazoea. Ukimya ukimshtua, hunyoosha kiganja mbele ya barakoa, akahisi hewa ikitoka, akarudi kulala.