Pikipiki Mpya, Ndoa Ileile

Msomaji wangu, hebu niambie ukweli. Siku ile chombo kipya kinapoingia nyumbani, nani huwa anakumbuka kusoma kile kitabu kidogo kinachokuja nacho? Kwetu kiliishia kwenye droo ya kabati pamoja na vijiko vya wageni. Laiti tungekisoma, leo nisingekuwa na habari ya kukusimulia.

Tulinunua pikipiki kwa sh. 2,900,000. Nusu ilikuwa hela yangu ya upatu, nusu akiba ya mume wangu. Hesabu zetu zilikuwa nzuri sana kwenye karatasi. Mdogo wake, yaani shemeji yangu, angeiendesha kwa mkataba: sh. 10,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, kwa miezi 14. Hiyo inakupa sh. 3,640,000. Mkataba ukiisha, kadi inabadilishwa jina na pikipiki inakuwa yake. Sisi tunalipa ada ya mtoto, yeye anapata mtaji wa maisha. Kila mtu anacheka.

Wiki ya kwanza shemeji alikuja kutuonesha chombo. Jamani, kilipendeza! Taa za rangi huku na huku, redio chini ya tenki, stika kila mahali, na ekzozi imetobolewa ili ingurume kama pikipiki za mashindano. Mume wangu alifurahi kuliko mdogo wake. Hata mimi nilipiga picha.

Mwezi wa tatu, saa kumi na moja alfajiri, simu ikalia. "Shem, injini imenoki."

SWALI AMBALO HAKUNA ALIYEJIBU

Tuliikuta gereji, imefunguliwa, vipande vimepangwa juu ya gunia. Fundi alikuwa mzee mpole, hana maneno mengi. Alitumbukiza kidole kwenye masalia ya oili, kikatoka kimepakwa kitu cheusi na kizito kama lami. Pistoni ilikuwa na michirizi, na ukuta wa silinda pia. Akatuuliza, "Nani mwenye kazi ya kubadilisha oili?"

Kimya. Shemeji alidhani ni kazi ya mwenye pikipiki. Mume wangu alidhani ni ya dereva. Mimi, msomi mzima mwenye digrii, sikuwa nimewaza kabisa kwamba kuna kitu kinaitwa kubadilisha oili. Mkataba wetu ulikuwa na kurasa mbili na neno oili halikuwemo hata mara moja.

Matengenezo yalikula sh. 380,000. Siku tisa za hesabu zikapotea. Lakini gharama kubwa ilikuwa nyumbani, kwa sababu nilifungua mdomo. Nikamwambia mume wangu kwamba ndugu zake hawajui kutunza kitu. Sikusema "mdogo wako", nilisema "ndugu zako". Neno likitoka halirudi. Tulikaa wiki mbili tunaongea kwa kupitia mtoto: "Mwambie baba chakula tayari."

Katika wiki hizo mbili nilifanya mambo mawili. Nilitoa kile kitabu kwenye droo nikakisoma chote, na nilirudi kwa yule fundi mara tatu kumsumbua kwa maswali. Haya ndiyo niliyoyapata. Yasome, halafu mpe mwenzio naye asome.

KILOMETA 1,000 ZA MWANZO

Injini mpya ni kama ndoa changa. Vipande vyake vya ndani bado havijazoeana. Ringi za pistoni na ukuta wa silinda vinasuguana mpaka vikae sawasawa, na katika kusuguana huko, vumbi la chuma hudondokea kwenye oili. Ndiyo maana oili ya kwanza haisubiri. Pikipiki nyingi ndogo zinazouzwa hapa kwetu huhitaji sevisi ya kwanza zikifika kilometa 500 hadi 750. Angalia kitabu cha yako.

Katika kipindi hicho usivute moto hadi mwisho, usibebe magunia, na usikae kwenye mwendo mmoja safari nzima. Punguza, ongeza, punguza. Ukiwasha asubuhi, iache injini ipumue kidogo kabla hujaondoka ili oili ifike juu.

Sevisi ya kwanza si oili tu. Mwambie fundi akaze nati na bolti zote, maana pikipiki mpya hulegea inapoanza kutikisika. Aangalie spoku, nazo hulegea mapema. Aangalie pia nafasi ya vavu, injini ikiwa ya baridi. Ukisikia injini inagonga tak-tak-tak kama cherehani, usiongeze sauti ya redio.

OILI: HAPA NDIPO TULIPOANGUKIA

Injini hizi za cc 125 au 150 hubeba kama lita moja tu ya oili. Lita moja! Hiyo hiyo inalainisha, inapooza na inasafisha, na kwenye pikipiki nyingi inaogesha klachi na gia pia. Ndiyo maana oili ya gari haifai. Baadhi ya oili za gari zina dawa za kupunguza msuguano, na klachi ya pikipiki inahitaji msuguano ili ishike. Ukiiweka, klachi inaanza kuteleza. Nunua iliyoandikwa ni ya pikipiki za fostroki, namba ile ile iliyo kwenye kitabu. Kwa nyingi za hapa kwetu ni 20W-50.

Sasa piga hesabu nami. Bodaboda anayezunguka mjini anaweza kufanya kilometa 120 kwa siku. Mara siku 26, hiyo ni kilometa 3,120 kwa mwezi mmoja. Mtu anayekwenda nayo kazini na kurudi anaweza kuchukua nusu mwaka kufika hapo. Kwa hiyo ukisikia jirani anasema yeye hubadilisha oili kila baada ya miezi mitatu, usimuige kabla hujajua anatembea kiasi gani. Hesabu kilometa, achana na kalenda. Shemeji alikuwa amepita kilometa 8,000 na oili ile ile ya dukani.

Kati ya sevisi na sevisi, pima. Simamisha pikipiki wima mahali tambarare, subiri dakika chache baada ya kuzima, kisha angalia kwenye kioo kidogo cha pembeni au kijiti cha kupimia. Inachukua muda mfupi kuliko kuchagua wimbo.

VITU VITANO VYA KILA WIKI

• Cheni. Ibonyeze katikati, upande wa chini. Icheze kama sentimeta mbili hadi tatu. Ikikaza sana inakula beringi, ikilegea sana inaweza kuchomoka uko barabarani. Isafishe kwa brashi na mafuta ya taa, ikaushe, ndipo uilainishe. Oili chafu iliyomwagwa kwenye injini usiipake, ina mchanga wa chuma ndani yake. Ukibadilisha cheni, badilisha na sproketi zake zote mbili, la sivyo kuukuu itaila mpya.

• Chujio la hewa. Vumbi la barabara zetu unalijua. Likiziba, injini inakosa hewa, inakunywa petroli na kutoa moshi mweusi. La sponji huoshwa, hukaushwa na kupakwa oili kidogo. La karatasi likichafuka sana linabadilishwa. Kuna wanaolitoa kabisa eti pikipiki iwe nyepesi. Hao wanalisha silinda mchanga.

• Plagi. Ichomoe uitazame usoni. Rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Ikiwa nyeusi na ina masizi, petroli ni nyingi kuliko hewa. Ikiwa nyeupe, injini inachemka mno. Plagi haijui kusema uongo.

• Tairi. Pima upepo asubuhi kabla ya safari, tairi likiwa la baridi. Kiasi kimeandikwa kwenye pikipiki yenyewe au kwenye kitabu.

• Breki. Mguuni na mkononi, zote mbili. Breki ikianza kulia chuma kwa chuma, umeshachelewa.

Na kama betri yako ni ya maji, ongeza maji yaliyosafishwa kwa ajili ya betri tu. Ya bombani yana chumvi.

KUPENDEZESHA AU KUHARIBU?

Mimi si adui wa urembo. Magazeti kama haya yanaishi kwa urembo! Lakini kuna vya kuongeza na vya kuacha.

Ongeza gadi za mbele. Pikipiki ikianguka zinasaidia kulinda injini na mguu. Ongeza keria imara kama unabeba mizigo. Kama njia yako ni ya tope, tairi za kashata zitakusaidia, ila kwenye lami iliyolowa kuwa mwangalifu, mashiko yake ni madogo. Weka kishikio cha simu ili usiendeshe kwa mkono mmoja. Side mirror zisitolewe, hata kama vijana wanasema zinaharibu shepu.

Kitu cha thamani kuliko vyote kwenye orodha ni kofia ngumu. Nunua mbili, na ya abiria iwe kofia kweli, siyo ganda la plastiki. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi mbalimbali zinaonesha kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa katika ajali kwa takriban asilimia 40, na hatari ya kuumia kichwa kwa karibu asilimia 70. Redio haifanyi hivyo.

Sasa vya kuacha. Ekzozi ikitobolewa inabadili jinsi injini inavyopumua, inaweza kuongeza ulaji wa petroli, na majirani wenye watoto wachanga watakulaani. Taa nyingi za nyongeza zinafyonza umeme ambao mtambo mdogo wa pikipiki haukuundwa kuutoa. Betri inakufa, na waya zilizoungwa kienyeji zinaweza kuwaka moto. Na usimruhusu mtu achomelee fremu ili kurefusha siti ya kubebea mishikaki. Chombo hiki kimetengenezwa kwa dereva na abiria mmoja. Breki, shokapu na tairi zote zimepigiwa hesabu hiyo.

Fundi aliniambia jambo ambalo nimelibandika jikoni: "Mama, pesa ya kwanza mpe injini. Pesa ya pili mpe breki. Ikibaki, nunua stika."

KABLA HAMJASAINI

Kama mnampa ndugu chombo, andikeni kila kitu. Najua kwetu kuandikishana na ndugu kunaonekana kama kutomwamini. Nimejifunza kinyume chake. Karatasi inalinda undugu, kwa sababu siku ya ugomvi mnagombana na karatasi, siyo na mtu.

Andikeni nani analipa oili, nani tairi, nani bima. Andikeni siku ya sevisi na kwamba siku hiyo hesabu haidaiwi, maana dereva anayedaiwa sh. 10,000 kila jioni hawezi kukaa gereji nusu siku. Hili ndilo lililokuwa kosa letu wenyewe. Shemeji alishasikia injini inagonga wiki nzima. Aliogopa kutuambia kwa sababu aliogopa kukosa hesabu, na nani alimfanya aogope? Mimi. Kila jioni saa mbili kamili ujumbe wangu ulikuwa unaingia kwenye simu yake: "Shem, vipi leo?" Sikuwahi kumuuliza pikipiki inaendeleaje.

Hilo nililigundua siku ya tatu kwa fundi, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, mikono ina grisi. Usiku huo sikumtuma mtoto. Nilimwambia mume wangu mwenyewe kwamba nimekosa, kwamba neno "ndugu zako" lilikuwa baya, na kwamba ujumbe wa saa mbili ulikuwa wangu. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema, "Na mimi ndiye niliyelipia zile taa." Kumbe! Hela ya oili alikuwa nayo, akanunua taa. Tulicheka mpaka mtoto akaamka.

Kesho yake tulimwita shemeji, tukafuta kurasa zile mbili na kuandika upya watatu kwa pamoja. Tuliongeza miezi miwili kwenye mkataba ili asibebe gharama peke yake, na kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi ikawa siku ya gereji, hesabu haidaiwi. Nikanunua daftari la sh. 1,000: tarehe, kilometa, kilichofanyika, saini. Ekzozi ilirudishwa ya mwanzo. Redio aliing'oa mwenyewe, akaiuza, akanunua kofia ya abiria.

Mkataba umeisha. Siku ya kubadilisha kadi mume wangu alivaa shati la harusi, bila kisingizio chochote. Shemeji alipopokea kadi yake alishukuru, akatuaga, akapiga hatua mbili tatu, akarudi.

"Shem," akasema, "na lile daftari?"

Nikampa. Lilikuwa limebaki na kurasa nyingi tu.