Kutangulia Si Kufika: Sony Ilivyopitwa Kwenye Gemu

Msikilizaji, kampuni inayoongoza sokoni hupitwaje? Tuitazame Sony ya Japani.

Mwaka 2000 Sony ilitoa PlayStation 2, mashine ya gemu inayounganishwa na televisheni. Ziliuzwa zaidi ya milioni 150.

Novemba 2006 ikafuata PlayStation 3. Nchini Marekani ya bei nafuu iliuzwa dola 499, ya juu dola 599. Ilikuwa ghali kwa sababu ya kifaa cha kusoma diski mpya za Blu-ray na prosesa iitwayo Cell. Prosesa hiyo ilikuwa na nguvu, lakini iliwapa watengenezaji wa gemu kazi ngumu.

Wapinzani hawakulala. Microsoft ilikuwa imetangulia kutoa Xbox 360 mwaka mmoja kabla. Nintendo nayo ikaleta Wii kwa dola 250, inayochezwa kwa kupunga mkono, hata bibi na mjukuu wake wakaiweza.

Hatari ilikuwa hapa: faida ya biashara hii hutoka zaidi kwenye gemu kuliko kwenye mashine. Hata kwa bei ile kubwa, Sony ilikuwa ikiuza mashine kwa hasara. Wanunuzi wakiwa wachache, watengenezaji wa gemu huhamia kwa mpinzani. Gemu zikipungua, wanunuzi nao huzidi kupungua.

Mwaka 2009 Sony ilishusha bei hadi dola 299, mauzo yakapanda. Hata hivyo, PlayStation 3 iliishia zaidi ya milioni 87, Wii zaidi ya milioni 101.

Jina kubwa humfikisha mteja dukani. Akishafika, huuliza bei.