Dawa ya mzio chini ya ulimi: ni salama kiasi gani?

Mwenye mzio wa vumbi hupiga chafya, pua humwasha na macho humtoka machozi. Vidonge vya kawaida hutuliza dalili hizo tu. Tiba tunayoieleza leo ni tofauti: kidonge chenye kiasi kidogo cha kitu kilekile kinacholeta mzio. Huwekwa chini ya ulimi kila siku hadi kiyeyuke, kwa kawaida kwa miaka 3, ili mwili ukizoee. Marekani iliruhusu vidonge vya mzio wa chavua ya nyasi mwaka 2014, na vya vijidudu vya vumbi la nyumbani mwaka 2017.

Je, ni salama? Kwa wengi, ndiyo. Mara nyingi mtu huwashwa mdomo, koo au masikio siku za mwanzo, kisha hali hiyo huisha. Madhara makubwa ni nadra, lakini yapo. Ndiyo maana dozi ya kwanza hutolewa mbele ya daktari, na mgonjwa hukaa hapo dakika 30. Zinazofuata hutumiwa nyumbani.

Mwenye pumu kali isiyodhibitiwa asiitumie. Ukiwa na kidonda mdomoni au umeng'oa jino, mwone daktari kwanza.

Ukibanwa na pumzi, ukivimba ulimi au koo, au ukihisi unazimia, usingoje kesho: kimbilia kituo cha afya. Na dawa hii msiazimane, hata kama mnapiga chafya nyumba nzima.